Vidole Viwili vya Barafu

Misunkumilo, Mpanda

Kwako Kaka Anania,

Kwa masikitiko makubwa naitangazia familia yote, ya huko Makete na iliyotawanyika ugenini, kifo cha vidole viwili vya barafu. Marehemu walikuwa wakiishi juu ya bonge moja kwenye rafu ya pili ya friza yangu. Hawakuugua. Hawakuyeyuka. Hawakuacha tone la maji, wala doa, wala wosia. Wamemwacha mgane mmoja, ndiye mimi, ambaye mke wake yuko hai kabisa kule Karema na hataki kumwona.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo kaka. Mnaendeleaje na baridi? Goti lako limekubali kukunjika, au bado unasali umesimama kama mlingoti? Viazi vimetoka salama? Huku mimi nina afya ya mwili. Afya nyingine usiniulize.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa natafuta salamu tu, sikuiona. Umesema nimewaaibisha, umesema hata mbwa anajua kuheshimu ukweni, umesema marehemu mama angekuwepo angenichapa na uzee huu. Yote sawa. Hilo la mbwa tungeweza kulijadili. Lakini kabla hujaniua kabisa, nisikilize kwa mpangilio, maana nina ombi, na ombi lenyewe linahitaji ujue kila kitu. Barua hii anakuletea mwenzetu anayefuata viazi huko. Nimemwambia asiondoke kwako mpaka uisome mbele yake.

Unajua biashara yangu. Mbele ya nyumba nina kaduka, na dukani nina friza la kusimama, lile la mtumba lenye feni ndani. Nagandisha maji kwenye madumu ya lita tano niliyokata juu. Akina mama wanaofuata samaki Karema hununua mabonge hayo, wanayaponda, wanapanga samaki wao, wanarudi Mpanda na samaki wenye macho yanayong'aa. Kiangazi barafu haikai, inagombaniwa. Masika yakiingia, barabara inakuwa uji, akina mama hawasafiri, na mabonge yanakaa ndani ya friza wiki hata wiki kama wanafunzi waliofungiwa bwenini.

Basi mwaka huu masika yalimkuta mama mkwe yuko kwangu. Alikuja kutibiwa macho. Mama wa watu ni mpole, mwembamba, anaongea kama anaomba samahani kwa kila neno. Mchana mwanawe Bibiana akienda shambani na mimi nikienda sokoni, yeye ndiye anakaa dukani na dawa yake ya macho, akiwapimia watoto sukari kwa kupapasa. Starehe yake moja tu duniani: kutafuna barafu. Joto la Mpanda lilimshinda. Wiki ya kwanza aliniambia, "Baba Neema, kama hutajali, nipatie kipande kidogo nitulize koo." Nikampa kikombe kizima. Akakitafuna chote, kwa-kwa-kwa, na meno yake yale machache. Nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mkwe wa mfano.

Sasa ilipofika katikati ya masika, kuna mteja wangu anaitwa Mama Shija, Msukuma mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alipata lori la kwenda Karema, akaja kutaka mabonge manne. Nikamtolea. Akaliinua la kwanza, akalizungusha, akaniangalia.

"Wewe Mkinga, hili bonge limelambwa."

"Limelambwaje?"

"Tazama. Dumu ulijaza mpaka hapa, alama ya barafu ya mwanzo hii hapa. Sasa barafu iko huku chini. Na pembeni limeachana na dumu, na juu limekuwa laini, laini, kama peremende iliyotoka kinywani. Mimi siweki samaki wangu kwenye mate ya mtu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, huku nalipima kwa vidole. Ilikuwa kweli. Bonge lilikuwa limeshuka vidole viwili. Sikukumbuka umeme kukatika kwa muda wa kutosha kuyeyusha kitu. Na lingeyeyuka, maji yangebaki humo humo ndani ya dumu, yangeganda tena, tungebaki pale pale. Chini ya friza pakavu. Mabonge yote manne hivyo hivyo. Yale ya zamani yameshuka zaidi, mapya kidogo.

Kaka, wewe ungefikiri nini? Usinijibu. Wewe ungefikiri mema, ndiyo maana umefilisika mara mbili.

Mimi nilianza upelelezi. Nilichukua msumari nikachora mstari kwenye kila dumu, barafu ilipoishia. Baada ya siku saba nikachungulia: imeshuka chini ya mstari. Kidogo, unene wa ukucha, lakini imeshuka. Nikachora mwingine. Ikashuka tena. Nikaanza kuhesabu nani anakaa peke yake na friza. Neema yuko shule. Bibiana hapendi hata maji baridi, yanamuuma jino. Akabaki mtu mmoja. Sikutaka awe yeye, naapa. Lakini akili ya muuza duka ikishaanza kukokotoa haina breki, inashuka tu na mlima.

Nikazungushia friza mnyororo wa baiskeli, nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni.

Naomba ulione jambo hilo kama Bibiana alivyoliona aliporudi kutoka shambani, jembe bado begani.

"Baba Neema, hii nini?"

"Usalama."

"Usalama wa nani? Kwani humu ndani kuna nani?"

Akaweka jembe chini taratibu, na wewe unamjua Bibiana, akifanya kitu taratibu ujue kimeharibika. "Mama yangu ana miezi mitatu kwenye nyumba hii," akasema. "Miezi mitatu unanunua sukari inakaa wazi, unga wazi, pesa ya duka anakushikia yeye. Leo unafunga maji?"

"Si maji, ni barafu."

"Ni maji, Lameki. Ni maji yaliyopata baridi."

Hapo ndipo mambo yalipochemka, na baada ya siku mbili mama mkwe na mke wangu na Neema wakapanda gari la Karema. Kwenye simu nilikueleza kwamba mama aliuona mnyororo, akajisikia vibaya, akaondoka. Ndivyo nilivyokueleza. Tutarudi hapo.

Toka siku hiyo naishi kama mtu aliyekula nyama ya msiba peke yake. Majirani wa Misunkumilo, ambao wenyewe hawaelewani hata kwa mpaka wa mchicha, wameelewana juu yangu. Mtu akija kununua soda anaishika juu, anasema, "Baba Neema, ipime kwanza, usije kusema nimeilamba." Mzee mmoja wa kanisani alinipa mkono baada ya ibada, halafu akaniuliza kama vidole vyake vyote nimemrudishia. Jirani yangu wa ukutani, aliyekuwa ananiletea maharage mabichi kila Jumamosi, sasa anayapitisha mbele ya duka langu kwenye beseni, polepole, anapeleka nyumba ya tatu.

Bibiana nilimtumia ujumbe mrefu, nimesahihisha hadi nukta. Akajibu maneno matatu: "Barafu yako imepona?" Shemeji Gaspari, yule kaka yake mwenye boti, ndiye aliyenimaliza. "Shemeji," kaandika, "sisi Karema tuna ziwa zima. Tunakosa nini kwenye dumu lako?" Nikakaa nalo swali hilo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Mama mkwe ameondoka. Nyumbani niko peke yangu. Mnyororo upo, kufuli lipo, ufunguo uko shingoni kwangu kama rozari ya Mkatoliki, mimi Mlutheri. Kwa kiburi tu nikachora mistari mipya, nipate ushahidi kwamba sasa barafu imetulia. Nikasubiri siku kumi. Nikafungua.

Imeshuka.

Kaka, niliketi juu ya kreti la soda. Nikadhani kwanza nimekosea mstari. Nikachora tena, nikabandika na solatepu mlangoni, nikaweka sahihi yangu juu ya solatepu. Siku kumi tena. Solatepu nzima, sahihi nzima, barafu imeshuka. Mwizi alikuwa anakula mbele ya pua yangu, na mwizi hana mdomo.

Nikamwita fundi Ezekieli, yule kijana wa Katumba anayetengeneza mafriji. Alifungua, akatia mkono, akanusa, akaangalia mistari yangu ya msumari kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Mzee Lameki, umeuza barafu miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na hujui barafu inaondoka?"

"Inaondokaje bila kuyeyuka?"

"Hivyo hivyo. Si lazima ipite kwenye maji. Hili friza lako lina feni. Feni inapuliza hewa baridi, kavu, usiku na mchana. Hewa kavu ina kiu. Inaparua barafu kidogo kidogo, barafu inakuwa mvuke moja kwa moja, mvuke unaenda kuganda kwenye koili, yale mabomba ya baridi huko nyuma, na friza likiyasafisha unapotea. Wewe umeacha madumu wazi, umeiandalia meza."

Nikamwambia aache hadithi. Akacheka. Akaniuliza, "Nyama ukiiweka humu bila kuifunga, baada ya mwezi inakuwaje?" Nikasema inaota mabaka meupe, inakauka kama ganda la mti. "Imeyeyuka?" Haijayeyuka, ni jiwe. "Sasa maji yake yamekwenda wapi?" Nikachungulia feni. "Na vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, vya kufukuza mende, vinaisha mpaka inabaki karatasi. Umewahi kukuta nguo zimelowa?" Nikatikisa kichwa. "Mzee, funika madumu yako. Kifuniko tu. Ungefunika, ungekuwa na mke."

Kijana huyo ana ulimi, lakini friza analijua.

Alipoondoka ndipo nilipokumbuka, na kukumbuka kuliniuma kuliko kuchekwa. Sisi tumezaliwa Makete, kaka! Mwezi wa sita, sakitu, umande ulioganda, imelala shambani nyeupe kama unga, mama anaanika nguo alfajiri, na sisi tunamwambia mama hakuna jua. Nguo zinaganda kwenye kamba, suruali zinasimama zenyewe kama zina watu. Ni wewe uliyelikunja shati la baba likiwa limeganda, mshono wa bega ukapasuka, ukasema ni mimi. (Miaka arobaini nimebeba bega hilo.) Na mama alisemaje? "Acheni zigande. Baridi nayo inakunywa." Zilikauka zikiwa ngumu vile vile, hazikudondosha tone. Kitu hicho nimekiona kwa macho yangu kila mwaka wa utoto wangu, nikaja nacho mpaka Katavi, halafu nikakisahau mbele ya mwanamke mzee mwenye dawa ya macho.

Sasa ombi. Gaspari ametuma neno la mwisho, na hili si la utani. Amesema mkwe haombi radhi kwa simu wala kwa mdomo wake mwenyewe. Waje wale waliokuja kuposa. Wakae pale walipokaa siku ile, waseme wao. Wakija, mama atasikiliza. Wasipokuja kabla Neema hajafungua shule, watamwandikisha huko huko Karema, na nyumba yangu ihesabike imefungwa.

Waliokuja kuposa ni nani, kaka? Marehemu baba mdogo, na wewe. Umebaki wewe. Wewe ndiye uliyewaambia watu wale, mimi nimekaa nyuma yako na koti la kuazima, kwamba binti yao anakuja kwenye nyumba isiyo na dharau. Najua unanichukia sasa hivi. Nichukie njiani, safari ni ndefu, utapata nafasi ya kutosha: mpaka Mbeya, mpaka Sumbawanga, mpaka hapa. Ukifika nitakupokea, tutaenda pamoja Karema. Njoo na goti lako hilo hilo. Tafadhali, kaka.

Msalimie shemeji mama wa watoto wako, mwambie nimepungua na namdai pole. Msalimie shangazi yetu mkubwa, asiyesikia, mpazie sauti kwamba nimesema shikamoo. Hili lingine usilipaze. Msalimie mchungaji wetu mzee aliyenipa kipaimara. Na yule binamu yetu fundi cherehani, mwambie koti lake la siku ya posa lipo, nondo wamekula mkono mmoja, nitalirudisha na mkono mwingine.

Sasa kabla sijaweka jina. Utasimama mbele ya watu wa Karema useme kwa niaba yangu. Siwezi kukuacha usimame na uongo wangu mkononi, wao wakijua ukweli na wewe hujui. Mama mkwe hakuondoka kwa sababu ya mnyororo. Mnyororo aliuona, akaupita kimya siku nzima, kama hakuuona, na macho yale.

Kesho yake mchana alikuja dukani na kikombe. Mama Shija alikuwepo, na majirani wawili. Akasema kwa ile sauti yake, "Baba Neema, nilikuwa naomba kipande, kama kipo." Na mimi, kwa kuwa kulikuwa na watu, kwa kuwa napenda kuchekesha, nikasema, "Mama, barafu haina miguu. Iliyoondoka imeondoka na mtu."

Watu wakacheka. Mama Shija alicheka sana.

Mama mkwe akaweka kikombe juu ya meza, akaingia ndani, akatoka na begi lake. Akatandika kitenge kwenye uwanja, mbele ya duka. Akaanza kutoa kimoja kimoja: gauni moja, la pili, rozari, chupa ya dawa ya macho, kitambaa cha kichwa, viatu vya kanisani. Kila kimoja alikikung'uta, akakilaza. Kicheko kilikuwa kimeisha zamani. Begi lilipobaki tupu akaligeuza nje ndani, akanionyesha. "Tazama, baba," akasema.

Kaka, nani duniani anatafuta barafu ndani ya begi? Hata ingekuwemo ingekuwa maji kabla hajafunga zipu. Mtoto mdogo anajua. Nilipaswa kupiga magoti pale pale, nimzuie mkono, nimrudishie vitu vyake. Bibiana alikuwa amesimama mlangoni, akinitazama aone nitafanya nini. Sababu ya Bibiana kuondoka ni alichokiona hapo, si nyingine.

Niliangalia. Niliinama kidogo juu ya meza, nipate kuona vizuri hadi kwenye pembe za begi.

Ni mimi mdogo wako,
Lameki